Majira ya joto Japani kwa anayekwenda mara ya kwanza

Ukitoka pwani yetu mwezi wa Julai, unatoka kwenye kipupwe. Usiku unajifunika shuka, kusi inapuliza, na jua la saa sita halimtishi mtu. Ukishuka Tokyo au Osaka unapokelewa na fukuto: nyuzijoto 34 au 35, hewa imejaa maji, upepo umelala, na jua likizama joto halizami nalo. Wajapani wana jina la usiku ambao nyuzi hazishuki chini ya 25. Wanauita nettaiya, yaani usiku wa kitropiki. Mimi ni mtu wa Tanga; nilipoelezwa maana ya neno hilo nilidhani nimefika nyumbani. Kumbe joto letu lina bahari ya kulipoza, na lile la kwao limenaswa kati ya lami na kuta za saruji.

Siku yangu ya pili niliizunguka ngome ya Osaka tangu saa tano asubuhi hadi saa tisa, kichwa wazi, chupa moja ya maji mkononi. Macho yakaanza kuona vimulimuli, nikaketi kwenye ngazi. Bibi mmoja mwenye mwavuli wa jua alinisogelea, akanizungushia shingoni kitambaa kilicholoweshwa maji, akanipa peremende ya chumvi, kisha akasimama ananitilia kivuli mpaka nilipoweza kuinuka. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Alilionyesha jua kwa kidole, akapunga mkono kukataa: si saa hizi. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya mkono ule. Majira ya joto ya Japani yana uzuri ambao sijauona kwingine, na karibu wote uko alfajiri na usiku.

Vitabu vingine huyaita majira haya kiangazi. Kiangazi chetu ni jua kali na ardhi kavu, nacho cha Japani huanza kwa mvua. Nitasema majira ya joto. Na saa zote humu ni za Kiswahili. Kwenye tiketi utakuta saa 24.

Hatua ya 1: Chagua wiki, usiishie kuchagua mwezi

Majira haya yana sura nne, na mgeni asiyejua hilo hununua tiketi ya sura asiyoitaka.

Kwanza mvua za tsuyu. Okinawa, kule kusini, huzipata tangu Mei hadi karibu na mwisho wa Juni. Tokyo, Kyoto na Osaka hunyeshewa tangu mapema Juni hadi katikati ya Julai au zaidi kidogo. Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, haina masika hayo ya kueleweka. Jina tsuyu huandikwa kwa herufi zenye maana ya mvua ya plamu, kwa kuwa hunyesha wakati tunda hilo linaiva. Ni wiki za watu wachache, na maua ya ajisai, ya samawati na zambarau, hufunika bustani za mahekalu ya Kamakura, hasa Meigetsuin. Ila usitegemee kuuona mlima Fuji. Hujificha mawinguni siku nyingi.

Kisha, takriban tangu Julai 20 hadi Agosti 10, anga hufunguka, joto hufika kileleni, na nchi nzima huwa kwenye fataki na ngoma. Hizi ndizo wiki ninazompendekezea mgeni, kwa sharti afuate ratiba ya siku nitakayoieleza hapa chini.

Agosti 13 hadi 16 ni Obon, siku ambazo roho za wahenga huaminiwa kurudi nyumbani. Watu huhama miji mikubwa kwenda kwao, kama Wachaga wanavyopanda Moshi mwezi wa Desemba. Treni hujaa, vyumba hupanda bei, na treni ya kasi ya Nozomi kipindi hicho huwa na viti vya kuhifadhi mapema tu. Ukiangukia siku hizo, tulia kwenye mji mmoja, na mji wenyewe uwe Kyoto. Usiku wa Agosti 16, saa mbili kamili, huwashwa moto mkubwa juu ya kilima kimoja, ukiwa na umbo la herufi yenye maana ya "kubwa", kisha moto mwingine kwenye vilima vingine vinne kuuzunguka mji. Ni mwanga wa kuwasindikiza wahenga warudi walikotoka. Watu husimama kando ya mto Kamo kwa utulivu. Simama nao.

Mwisho wa Agosti na Septemba joto bado lipo na vimbunga huongezeka. Anayesafiri wakati huo aache siku mbili tupu kwenye ratiba.

Hatua ya 2: Karatasi, fedha, umeme

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza, na huombwa kupitia ubalozi wa Japani unaohudumia nchi yake. Anza miezi mitatu kabla, uwe na ratiba ya siku kwa siku. Ndugu zetu wenye pasipoti za Uingereza, Marekani, Kanada au Umoja wa Ulaya huingia bila viza kwa matembezi ya hadi siku 90. Kutoka kwetu utabadilisha ndege, mara nyingi Addis Ababa, Dubai au Doha.

Kagua dawa zako. Baadhi ya dawa za mafua na za maumivu ambazo kwetu huuzwa dukani, hasa zenye kodeini au pseudoefedrini, Japani zina mipaka mikali. Uliza ubalozi kabla ya kuzitia kwenye begi.

Umeme wao ni volti 100, na soketi hupokea plagi ya pini mbili bapa. Chaja za simu na kompyuta karibu zote hukubali. Pasi na mashine ya nywele ya volti 240 ziache nyumbani.

Noti bado zinahitajika, hasa kwenye vibanda vya matamasha. Mashine za kutolea fedha zilizomo kwenye maduka ya 7-Eleven hukubali kadi za nje. Ukifika uwanja wa ndege nunua kadi ya Suica ya wageni, Welcome Suica, ambayo hudumu siku 28. Unaijaza fedha na kuigusisha kwenye mageti ya treni na basi, hata dukani. Pasi ya treni ya JR ya siku saba ilipanda mwezi wa Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi yeni 50,000, kwa hiyo usiinunue kwa mazoea ya ushauri wa zamani. Piga hesabu ya safari zako kwanza. Anayekwenda Tokyo, Kyoto na kurudi, tiketi mbili za kawaida humtosha kwa fedha pungufu.

Kuna jambo linalomfaa mtu wa lugha yetu peke yake. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita, na haibadilishi saa mwaka mzima. Basi namba unayoisoma kwenye saa ya stesheni ya Tokyo ndiyo saa ya nyumbani kwa Kiswahili. Ikionyesha 3:00 ya alasiri, Tanga ni saa tatu asubuhi; mama keshakunywa chai, mpigie. Kigali, Bujumbura na Goma tofauti ni saa saba.

Hatua ya 3: Begi

Chukua kanga mbili. Nasema hivi kwa uzoefu, sisukumwi na mapenzi ya nyumbani. Moja ni ya jasho: ukiilowesha bombani na kuizungusha shingoni, inakupoza kuliko feni ya mkononi. Ya pili ni ya baridi, kwa sababu ndani ya treni na maduka kiyoyozi huwekwa kikali, na mtu aliyelowa jasho akikaa humo nusu saa hutoka na kikohozi. Baadhi ya treni huwa na behewa lenye kiyoyozi cha wastani, likiandikwa hivyo ubavuni. Ukiwa na mtoto au mzee, panda hilo. Kanga hiyohiyo utaikalia kwenye fataki. Na si kitu kigeni kule: katika karne ya 20 viwanda vya Japani vilichapisha kanga nyingi zilizouzwa pwani yetu.

Nguo ziwe pana, nyepesi, za kukauka upesi. Mwanamke aliyejisitiri hataonekana kioja. Wajapani wenyewe majira hayo huvaa mikono mirefu ya kukinga jua, glavu, kofia pana, na hutembea na miavuli, wanaume nao siku hizi. Mwavuli wa jua ununue kulekule. Viatu viwe vya kuvulika haraka, maana utavivua kwenye mahekalu, kwenye nyumba za wageni za kienyeji na kwenye mikahawa mingi. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kuvua viatu mlangoni, lakini abebe soksi safi za kuvaa ndani.

Ukisahau kitu, nenda kwenye maduka ya yeni 100. Utapata kipepeo cha kujipepea, taulo ndogo, vitambaa vya kupoza ngozi na turubai la kukalia. Na usibebe dawa ya mbu ya kuwasha. Ile ya mzunguko tunayoijua sote, inayofuka moshi usiku kucha, ilibuniwa Japani na Eiichiro Ueyama na utaikuta kila duka. Malaria hakuna, lakini mbu wa kwenye bustani za mahekalu wanauma.

Hatua ya 4: Siku tatu za kwanza ni za mwili

Mwili uliotoka kwenye kipupwe unahitaji siku kadhaa kujifunza kutoa jasho upya. Usiweke safari nzito siku hizo. Tembea asubuhi, lala mchana, tembea tena jioni, na usijione mvivu.

Kunywa kabla hujaona kiu. Maji ya bomba ni salama nchi nzima, kwa hiyo tembea na chupa ya kujaza. Mashine za kuuzia vinywaji ziko kila kona, na yeni 150 hadi 200 hukupatia chupa ya baridi. Usinywe maji matupu siku nzima. Jasho linaondoka na chumvi. Chukua vinywaji vya chumvichumvi kama Pocari Sweat, au peremende za chumvi, shio ame. Wenyeji hunywa mugicha, chai baridi ya shayiri iliyokaangwa, isiyo na sukari wala kafeini. Mara ya kwanza utaiona kama maji ya mkaa. Siku ya nne utaitafuta mwenyewe.

Kuzidiwa na joto huitwa netchusho, na kila mwaka kunaua watu. Usilichukulie kama uchovu. Kichwa kikigonga, misuli ikikaza, kichefuchefu kikija, ingia kwenye duka lolote lenye kiyoyozi, weka kitu cha baridi shingoni na kwapani, kunywa. Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoshikamana au kushindwa kunywa mwenyewe, piga 119. Ukisema "netchusho" tu, aliye karibu atajua la kufanya. Polisi ni 110.

Hatua ya 5: Igawe siku vipande vitatu

Alfajiri ni ya kutembelea. Mwezi wa Juni jua la Tokyo huchomoza kabla ya saa kumi na moja, katikati ya Agosti karibu na saa kumi na moja kamili. Nenda hekalu la Fushimi Inari, Kyoto, lile lenye maelfu ya milango myekundu kupanda mlimani. Halifungwi, halina kiingilio. Saa kumi na moja na nusu utakuta mwanga mlalo unapita kati ya nguzo, paka wamelala kwenye ngazi, na wazee wachache wanaopanda kwa mazoezi wakikusalimu "ohayo gozaimasu". Saa nne asubuhi pahala palepale huwa msongamano wa miavuli na jasho. Tokyo, fanya hivyo kwenye hekalu la Senso-ji, Asakusa, au Meiji Jingu, ambalo hufunguliwa jua linapochomoza na msitu wake hupoza hewa hata baadaye.

Kwa Mwislamu alfajiri hiyo ina habari yake. Mwezi wa Juni Swala ya Alfajiri Tokyo huingia kabla ya saa tisa usiku, na Isha ni karibu na saa tatu. Pangilia usingizi wa mchana, utauhitaji. Misikiti ipo: Tokyo Camii, wenye usanifu wa Kituruki, karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, na msikiti wa Kobe wa mwaka 1935, wa kwanza nchini.

Kuanzia saa nne na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni, ingia ndani. Hapa ndipo wageni wengi huharibu safari, kwa kuona kwamba wamelipa nauli kubwa hivyo hawawezi kulala. Lala. Usipolala, makumbusho ya taifa ya Tokyo yaliyoko Ueno yatakumalizia mchana mzima. Osaka ina mitaa ya maduka chini ya ardhi, pale Umeda, unayoweza kutembea kwa muda wa saa mbili usilione jua. Maduka makubwa huwa na ghorofa ya chini ya vyakula, depachika, ambako watu hupanga peremende na samaki kama vito. Pita hata kama hununui.

Ukihama mji mchana, usiburute begi. Mpe mtu wa mapokezi hotelini alitume kwa huduma ya takkyubin. Kwa kawaida linafika hoteli ya pili kesho yake. Kwa mtu mwenye watoto, hiyo ni fedha bora kuliko zote atakazotumia.

Saa kumi jioni maisha huanza tena. Jua huzama mapema, karibu na saa moja, na ndipo watu hutoka.

Hatua ya 6: Kula kinachopoza

Jikoni kwao kumejipanga kwa joto hili. Tambi za soba huletwa baridi juu ya wavu wa mianzi, unachovya kwenye mchuzi na kula kwa kuvuta pumzi, na kelele hizo ni adabu. Somen ni tambi nyembamba nyeupe zinazoelea kwenye maji ya barafu. Hiyashi chuka ni tambi baridi zenye tango, yai na siki. Mwisho wa Julai kuna siku maalumu ya kula samaki mkunga wa kuchoma, unagi, kwa kuamini humrudishia mtu nguvu zilizonyonywa na jua. Mkunga huyo ni ghali, lakini mara moja inastahili.

Kakigori ni barafu iliyokunwa kama nazi, laini kiasi cha kuyeyuka kabla hujaitafuna, ikamwagiwa sharubati. Tafuta ya chai ya kijani na maharage matamu mekundu.

Asiyekula nguruwe wala kileo awe macho. Supu nyingi za ramen hupikwa kwa mifupa ya nguruwe, hata bakuli lisipokuwa na nyama. Michuzi mingi hutiwa mirin au sake, na hiyo inagusa hata mchuzi wa soba na wa mkunga. Miji mikubwa ina migahawa ya halali iliyothibitishwa. Itafute kabla hujaona njaa. Katika maduka madogo ya saa 24, onigiri, matonge ya wali ya samaki, ni njia rahisi, ukisoma viambato kwa kamera ya simu.

Hatua ya 7: Usiku wa matsuri

Hapa ndipo nitakawia, kwa sababu hapa ndipo penye safari yenyewe.

Matsuri ni sherehe ya hekalu au ya mtaa, na nyingi za majira ya joto zilizaliwa na hofu ya maradhi. Gion, ya Kyoto, ilianza mwaka 869 kwa maombi ya kuondoa tauni, na leo huchukua mwezi mzima wa Julai. Magari ya mbao marefu kama nyumba, yaliyofunikwa mazulia ya kale, huvutwa kwa kamba Julai 17, kisha mengine Julai 24. Wageni hung'ang'ania asubuhi ya msafara, wakasimama juani kwa muda wa saa tatu. Mimi nakushauri uende jioni za Julai 14 hadi 16. Magari yamesimama mitaani, taa za karatasi zimewashwa, barabara kuu zimefungwa kwa magari ya kawaida jioni za tarehe 15 na 16, na wapigaji wameketi juu wakigonga kengele za shaba kwa mdundo mmoja wa polepole unaokukaa kichwani mpaka unapolala. Osaka wana yao ya Tenjin, Julai 24 na 25, yenye mashua mtoni na fataki.

Ukiweza safari moja tu, nenda kaskazini, Tohoku, wiki ya kwanza ya Agosti. Kwa siku tano unaona sherehe tatu kubwa zilizo jirani. Aomori, Agosti 2 hadi 7, ni Nebuta: sanamu kubwa za karatasi za mashujaa na mazimwi, zenye taa ndani, husukumwa usiku katikati ya mji. Akita, Agosti 3 hadi 6, vijana husimamisha kiganjani, begani, nyongani na pajini mwa uso mlingoti wa mianzi wa mita 12, wenye taa 46 na uzito wa kilo 50. Sendai, Agosti 6 hadi 8, ni Tanabata, sherehe ya nyota mbili zipendanazo zinazokutana mara moja kwa mwaka. Mji hujaa mapambo ya karatasi yaning'iniayo, na watu huandika maombi kwenye vipande vya karatasi na kuvifunga kwenye mianzi. Vyumba vya wiki hiyo huisha miezi mingi kabla. Hifadhi mapema, hata kama itabidi ulale mji wa pili na kurudi kwa treni.

Nebuta ina mlango ulio wazi kwa mgeni. Wacheza ngoma wanaoruka mbele ya sanamu huitwa haneto, na yeyote anaruhusiwa, mradi amevaa vazi lao kamili. Linakodishwa mjini. Utapita ukiruka miguu kwa zamu na kuitikia "rassera, rassera". Niliruka mpaka kengele za nguoni zikadondoka. Watu huziokota kwa imani kwamba zina baraka, na mama mmoja aliiokota yangu akainama kushukuru. Kuna nchi nyingi ambako mgeni hutazama ngoma akiwa nyuma ya kamba. Pale ngoma ilinivaa.

Usipofika mbali, tafuta bon odori, ngoma ya Obon ya mtaani, katikati ya Agosti na wiki za jirani. Huwa kwenye uwanja wa shule au bustani: jukwaa la mbao katikati, ngoma juu yake, watu wakicheza duara. Hakuna kiingilio wala anayekuuliza umetoka wapi. Angalia walio duara la ndani, ndio wajuzi, fuata mikono yao. Nyimbo hurudia, na raundi ya tatu utakuwa umeshika.

Vazi la usiku huo ni yukata, kimono chepesi cha pamba. Kukodi Asakusa au Kyoto ni kama yeni 3,000 hadi 5,000. Upande wa kushoto lazima ulalie wa kulia; kinyume chake ndivyo huvishwa maiti. Aliyezoea kufunga kanga hujifunza mara moja.

Sasa fataki, hanabi, maana yake maua ya moto. Za mto Sumida, Tokyo, hupigwa Jumamosi ya mwisho ya Julai, na asili yake hurejeshwa mwaka 1733. Ni takriban 20,000, na umati wake hutisha. Nionavyo, zinazogusa zaidi ni za Nagaoka, mkoa wa Niigata, Agosti 2 na 3. Mji ule uliteketezwa kwa mabomu usiku wa Agosti 1, 1945, na fataki zile ni ukumbusho wa waliokufa. Kabla ya shangwe hupigwa nyeupe tupu, moja moja, na uwanja wote hunyamaza. Viti hununuliwa miezi kabla; usiende bila tiketi.

Kwa fataki zozote, fanya hivi: fika saa mbili au tatu kabla, ukiwa na turubai, maji na chakula, nenda msalani kabla foleni haijaanza, jaza Suica yako mapema, maana mashine za stesheni hazipitiki baadaye, na zikimalizika kaa palepale saa nzima, uache umati uondoke. Mapipa ya taka ni haba, beba mfuko wako urudi nao.

Hatua ya 8: Siku mbili za kukimbilia juu

Katikati ya safari ipumzishe ngozi. Kamikochi, bonde la mkoa wa Nagano lililo kwenye mita 1,500, haliruhusu magari binafsi. Unaingia kwa basi kutoka upande wa Matsumoto au Takayama. Mto Azusa pale una maji ya kuganda vidole, na usiku utajifunika blanketi. Anayekwenda Hokkaido katikati ya Julai atazame mashamba ya lavenda ya Furano; Farm Tomita haina kiingilio.

Mlima Fuji una mita 3,776, na njia ya Yoshida hufunguliwa Julai 1 hadi Septemba 10. Tangu mwaka 2025 ada ni yeni 4,000, na geti hufungwa saa nane mchana hadi saa tisa usiku kwa asiye na nafasi kwenye kibanda cha kulala. Kileleni kabla ya mapambazuko baridi inakaribia kuganda. Aliyepanda Kilimanjaro asidhani ule ni mteremko. Na mgeni wa mara ya kwanza asiye na nguo za baridi autazame kutoka chini, kutoka ziwa Kawaguchi, alfajiri.

Kuhusu bahari nitasema kwa ufupi. Mtu wa Diani, Nungwi au Pangani asipoteze siku kwenye fukwe za karibu na Tokyo. Okinawa ndiyo yenye bahari ya kumfurahisha. Popote uogeapo, baki ndani ya eneo lenye walinzi, na baada ya Obon uliza kuhusu kiwavi wa baharini, huongezeka na wanawasha vibaya.

Hatua ya 9: Kimbunga kikitangazwa

Weka kwenye simu programu ya Safety tips, iliyotengenezwa kwa wageni; hutoa tahadhari za tetemeko, kimbunga na joto. Kimbunga hutabiriwa siku kadhaa kabla, na kampuni za treni hutangaza mapema zitakaposimamisha safari. Likitoka tangazo, ahirisha siku hiyohiyo, ongeza usiku mmoja hotelini, nunua chakula cha siku mbili kabla rafu hazijabaki tupu. Kesho yake, kimbunga kikishapita, anga husafishika kabisa, nyenje huanza kulia miti yote kwa pamoja, na hiyo huwa siku nzuri kuliko zote za kutembea.

Hatua ya 10: Usiku wa mwisho

Nenda dukani ununue kifurushi cha senko hanabi, vijiti vya karatasi iliyosokotwa vyenye baruti kidogo nchani. Muulize mwenyeji wako pahala panaporuhusiwa kuviwasha, maana bustani nyingi za mijini zinakataza. Chukua ndoo ya maji. Washa ncha, shika kwa kuinamisha kidogo, usitikisike. Tone la moto litajikusanya, litatoa cheche ndogo kama matawi ya msonobari, litafifia, litaanguka. Watoto hushindana tone la nani litadumu. Kila kijiti kilichozimika kitie kwenye ndoo, kisha fungasha taka zote. Vitakavyobaki usivitie kwenye begi. Fataki haziruhusiwi ndani ya ndege, hata hizi ndogo. Mwachie mwenyeji, ana wajukuu.